Siku Tatu za Kwenda Rumonge na Telekomande Iliyokufa

Nyinyi mnaokaa kwenye benchi mbele ya duka langu mmeniuliza mara nyingi mno, na kila nikianza kujibu, mmoja wenu ananisaidia kumalizia. Tangu nirudi nimesikia kwamba nilivamiwa njiani. Nimesikia kwamba nilikamatwa. Nimesikia pia, na huyu aliyesema namjua, kwamba nilijificha Kibenga nikila samaki wa kuchoma mpaka harusi ya binti yangu ipite. Naandika ili msome wenyewe, kisha mniache nishone nguo za watu.

Kwa asiyejua mwanzo wake: binti yangu Mwajuma alikuwa Rumonge, kule kusini, kwa shangazi yake, tulikompeleka risasi zilipoanza kusikika karibu na kwetu. Huko akapata mchumba, Haruna, na Haruna akasema wakioana watahamia Kigoma, kwa sababu kule mtu analala. Mimi nilisema mbele ya wazee wote, kwa sauti iliyofika mpaka barabara ya pili, kwamba anayemvusha binti yangu ziwa asitarajie kuniona harusini. Baadaye nikapoa. Mama Mwajuma akatangulia Rumonge wiki moja kabla, na mimi nikaahidi kufika Ijumaa kabla ya swala. Nikah ilikuwa baada ya swala hiyo, na Jumatatu maharusi wanaondoka. Mnajua binti haozeshwi bila baba yake kutamka, au kumteua mtu atamke kwa niaba yake. Nikikosekana, kila mtu angekumbuka ile sauti yangu.

Buyenzi hadi bariyeri ya Kibenga

Gari langu mnalijua, jeupe, dogo, lililokuja kutoka Dubai na nailoni za viti ambazo sijazitoa na sitazitoa. Lilikuja pia na king'ora cha wezi na telekomande yake, kitu kidogo cheusi chenye vitufe viwili, kimoja cha kufunga na kimoja cha kufungua. Siku ile nilipokabidhiwa nilijiona waziri. Nikaishonea telekomande kanzu yake ya mahameli meusi, kwa vipimo vya kweli, imebana vizuri pande zote, vumbi lisiingie. Mtakumbuka nilivyowaonyesha. Mlisema imependeza, na hilo ninyi nyote mlisema.

Alhamisi asubuhi nikapakia sufuria tatu, gunia la mchele na koti la bwana harusi, nililolishona mwenyewe kwa hasira lakini vizuri. Nilifika mapema kwenye bariyeri, pale askari wanapoifungia njia. Magari yalikuwa yamejipanga, yanangoja askari wamalize kuikagua njia ili msafara uondoke pamoja, wao mbele na nyuma, raia katikati. Nikaambiwa nizime gari nikaonyeshe vitambulisho. Nikazima, nikafunga kwa telekomande, taa zikakonyeza. Nilipanga foleni kwa utulivu wa mtu aliyewahi.

Niliporudi nikafinya cha kufungua. Kimya. Nikafinya tena. Nikafinya nikiwa nimesogea, nikiwa nimerudi nyuma, nikiwa nimeinama. Kaporali wa zamu akaja na daftari lake.

"Muzee, fungua buti tuone."

"Inakataa, shefu."

"Inakataa, ao we ndo unakataa?"

Basi nikaona nitumie ufunguo wa chuma, kama binadamu wa zamani. Nikauingiza, nikauzungusha, mlango ukafunguka, na king'ora kikalia.

Mnaijua miaka hii tunayoishi. Watu mia moja na kitu walilala kwenye mtaro kwa wakati mmoja. Kina mama na vikapu vyao, madereva, sheikh mmoja mwenye kilemba, mwalimu na daftari zake za shule. Hata kaporali alipiga goti. Mimi peke yangu nilibaki wima, kwa sababu nilijua ni gari langu, na hivyo nikaonekana ama shujaa ama mwenye kosa. Walipogundua ni kitu gani, waliinuka wakijipangusa vumbi, na hakuna aliyesema pole.

Buti ilikaguliwa kwa makini sana. Kila sufuria ilifunikwa na kufunuliwa. Koti la Haruna lilipapaswa mfukoni. Kisha nikaambiwa niwashe gari niingie kwenye mstari, na gari halikuwaka, maana king'ora kile kikishatilia shaka kinakata moto wa mashine. Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja alisema telekomande niipige kwenye paja. Mwingine alisema niifinye kwa muda wa kuhesabu kumi. Dereva wa lori la mchele akaja mbio.

"Weka ku kidevu, muzee! Kichwa ya mutu inasukuma nguvu. Mi nimeona kwa macho yangu."

Nikaiweka kidevuni. Nikafungua mdomo, alivyoniagiza. Nilisimama pale, mwanamume wa miaka hamsini na sita mwenye kofia ya viua, nimeachama mbele ya gari langu, na msafara ukanipita nikiwa hivyo hivyo. Watoto ndani ya basi walinipungia.

Kibenga hadi Mutakura

Safari yangu ya kusini ikaanza rasmi kwa kwenda kaskazini. Gari nililisukuma pembeni kwa msaada wa askari wawili, nikalifunga kwa ufunguo, likaachwa chini ya ulinzi wa kaporali, nami nikapanda baiskeli ya abiria mpaka Mutakura, kwa Masudi, fundi wa redio na ving'ora. Mwendesha baiskeli alitaka kujua naenda wapi. Nikamwambia naenda Rumonge. Tulipopita Kamenge, bado tukielekea kaskazini, akaniuliza kwa upole kama nina homa.

Kibanda cha Masudi kimejaa mafuta na vumbi la risasi ya kuunganishia nyaya, kwa hiyo kabla ya kuingia nilifumua mshono, nikaivua telekomande kanzu yake na kuiweka kanzu mfukoni. Sikutaka ichafuke. Masudi alinitazama, akatazama mlangoni.

"Na gari iko wapi?"

"Iko Kibenga, ku bariyeri."

"Sasa mi naponyesha mugonjwa bila kumuona? Bon, leta."

Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akatoa betri, akaigusisha ulimini, akakunja uso.

"Pile imekufa. Uliiweka lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki? Apana. Hii inakaa mwaka. We unafinya mara ngapi kwa siku?"

Nikamwambia nafinya kufunga na kufungua, kama mtu yeyote. Akatikisa kichwa, akaweka mpya. Taa nyekundu ndogo ikawaka kila alipofinya. Akanipa na ya pili ya akiba, akasema kitu kinachokula pile hivyo kina siri yake, na kwamba siri hiyo bila gari yeye haioni. Mimi sikutaka siri. Nilikuwa nimeona taa nyekundu na moyo wangu ulikuwa umeshafika Rumonge. Nje ya mlango, nikiwa nimekaa kwenye tairi, nikatoa sindano kwenye ukosi wa shati, ambapo haikosi, nikairudishia telekomande kanzu yake na kuishona tena. Safari hii nilikaza uzi zaidi, kwa shukrani.

Bariyeri, mara ya pili

Ijumaa nilifika kabla ya wauza maandazi. Nilisimama hatua kumi kutoka kwenye gari, kwa madaha kidogo, nikafinya.

Sitawaeleza nilichosema, kwa kuwa kuna watoto wanaosoma. Betri ya akiba hata sikuifikiria, kwani betri ya jana haiwezi kufa usiku mmoja; nilijua ni ile siri ya Masudi. Kaporali alikuwa ananitazama tangu nilipotokea. Akanikataza katakata kugusa mlango kwa ule ufunguo wa chuma, watu wasilazwe tena mtaroni. Nikaomba lifti. Kila gari lilikuwa limejaa, na waliosikia habari zangu za jana walijaza hata nafasi iliyobaki, ili mradi nisikae.

Kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge, mtu wa Uvira, ameketi juu ya marobota yake nyuma ya lori. Wenzake walimwita Mama Furaha. Alinikatia kipande cha mkate wa muhogo wa kwao, ule unaofungwa kwenye majani, na samaki mkavu juu yake. Nikala kwa sababu sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu.

"Papa, banasema we ndo baba ya arusi?"

"Ndiyo mimi."

"Na hii kifunguo imekufa kweli? Sema tu, mi si mutu wa kwenu."

Mnaona? Hata yeye, aliyenijua kwa muda wa kula samaki mmoja. Nikamwambia kweli, na nilipokuwa namwambia nikasikia mwenyewe jinsi maneno yanavyonuka uongo. Nilikosa harusi kwa sababu ya kitufe. Nani angeamini? Mimi nisingeamini.

Askari wakarudi kusema njia iko wazi. Mashine zikaanza kuwaka. Ndipo nikaomba karatasi kwa yule mwalimu, aliyekosa msafara jana kwa kurudi kutafuta daftari lililobaki mtaroni, nikaandika juu ya boneti: mimi fulani, baba wa Mwajuma, namteua ndugu yangu Ramadhani amuozeshe binti yangu kwa Haruna. Nikasimamisha madereva wawili Waislamu waweke majina yao chini kama mashahidi. Wao walikuwa wanapitiliza mpaka Nyanza-Lac bila kusimama, lakini Mama Furaha alikuwa anashuka Rumonge sokoni, na mtaa wa dada yangu anaujua. Nikampa karatasi.

"Niwaambie nini?"

"Imeandikwa yote."

"Papa, karatasi haina sura. Niwaambie nini?"

Lori likaanza kwenda. Nikatembea kando ya lori, nikiwa bado natafuta maneno, kisha nikawa natembea haraka, kisha askari wa nyuma akanishika mkono akaniambia mzee, inatosha.

Bariyeri, bila msafara

Msafara ukishaondoka, bariyeri inakuwa mahali pa kimya. Kaporali akaketi kwenye tairi na redio yake ya mkononi, akala chapati. Alipomaliza akanyoosha mkono.

"Muzee, leta hiyo kitu nione."

Nikampa. Akaigeuza, akaibonyeza bonyeza kupitia mahameli.

"Na iki kitambara ni ya nini?"

"Ni ya kuikinga na vumbi. Nimeshona mimi mwenyewe."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Muzee, mi niko na redio. Ukitaka kusema, unafinya hapa. Ukiachilia, unasikia bengine. Siku moja kifuko yake ilikaza, ikafinya hapa asubuhi yote bila mi kujua. Pile ikakufa. Na kabla ikufe, mukubwa alishindwa kusema na mutu yeyote, juu redio yangu ilikuwa inasema yenyewe. Ile siku nilichapwa."

Akachomoa kisu cha bunduki, na kabla sijapinga akapasua mshono wangu kuanzia juu hadi chini. Nimeshona miaka thelathini. Sijawahi kuona kazi yangu ikifunguliwa hivyo. Kitufe cha kufungua, kilichokuwa kimezama ndani, kikainuka polepole.

Sasa mmeelewa, na wale waliosema imependeza waelewe pia. Telekomande yangu haikuwa imekufa. Ilikuwa inapiga kelele mchana na usiku ndani ya kanzu yake, fungua, fungua, fungua, mpaka nguvu zikaisha. Masudi aliiponya, nami nikaiziba tena mlangoni pake kwa uzi maradufu.

Niliweka ile betri ya akiba. Nikafinya. Gari likakonyeza, likawaka mara moja. Nikamgeukia kaporali nikiwa nimeshika usukani.

"Naomba njia, shefu. Nikah ni mchana."

"Gari moja haiendi, muzee. Unajua."

Nilijua. Nikazima. Adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka upande wa mji, nami nikaswali peke yangu kando ya barabara, nikijua kwamba Rumonge nako wanaswali na kwamba wakimaliza kuna mtu atatamka kwa niaba yangu, au hatatamka. Niliumia. Hilo naliandika bila mzaha. Nilikaa ndani ya gari zima kabisa, lenye nailoni safi, nikaumia mpaka jua likapungua.

Kibenga hadi Rumonge

Jumamosi msafara ulinikubali. Kwa kuwa sifa yangu ilikuwa imeenea, niliwekwa nyuma kabisa, mbele kidogo ya gari la askari. Njia yenyewe, mliopita mnaijua: ziwa kulia, vilima kushoto, na watu wote wanatazama kushoto. Nyumba zisizo na mabati. Mashamba ya michikichi yasiyo na mtu. Mahali pengine tulisimama muda mrefu bila kuambiwa sababu, na hakuna aliyezima gari. Mimi hasa sikuzima. Telekomande ilikuwa uchi juu ya dashibodi, inakula vumbi.

Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nilipanga kuanza na kitufe. Kisha nikaona nianze na redio ya kaporali, halafu kitufe. Kila nilivyoipanga, ilizidi kuwa hadithi ya mtu ambaye hakutaka kuja.

Rumonge

Niliposimamisha gari mbele ya nyumba ya dada yangu, Haruna alitoka mbio akiwa na miguu mitupu. Nilijiandaa. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Baba, Mungu akulipe. Yale maneno yako yametuliza hata babu yangu."

Maneno gani? Nikamtazama mke wangu, naye akanivuta chumbani. Akanieleza kwamba jana Ramadhani alisoma karatasi yangu mbele ya watu, na watu wakanong'ona. Mmoja wa wazee wa upande wa Haruna akasema wazi kwamba baba huyu amekataa kwa adabu. Mwajuma alikuwa ndani na shangazi yake, akasikia yote. Akatuma neno kwamba haozeshwi kwa karatasi. Anataka yule mama aliyeileta aingie.

Mama Furaha akaingia na vumbi lake la safari. Mwajuma akamuuliza swali moja tu, baba yangu alikuwa na uso gani alipokupa.

"Nilimuambia ule mutoto vile niliona," Mama Furaha aliniambia nilipomkuta sokoni baadaye. "Nilisema baba yako alikosa maneno. Lori ikaenda, naye akaenda na lori, kwa miguu, mpaka basoda bakamukamata. Nikasema mutu mwenye anakataa hakimbie hivyo."

"Na babu yake Haruna? Yeye ametulizwa na nini?"

"Ah, kwa ule niliongeza kidogo. Nilisema ulikuwa unaomba Mungu abariki Haruna kama mutoto wa tumbo yako." Akakunja kitenge. "Papa, ungalikuwa na nafasi, ungalisema."

Hivyo nilifika kwenye harusi iliyokwisha, nikiwa nimeshasema maneno mazuri ambayo sikuyasema. Kwa siku mbili nilikula pilau kama mtu wa moyo mkubwa. Haruna alivaa lile koti Jumamosi hiyo hiyo, ingawa nikah imepita, na lilimkaa vizuri mabegani. Nilirekebisha mkono mmoja tu.

Nyinyi lakini swali lenu si hilo. Swali lenu, mkiacha kuzungukazunguka, ni kama nilichelewa kwa kupenda. Jibu ni hapana, nimewaeleza kila kitu, na mshono uliopasuliwa upo hapa dukani, mje muuone. Ila kuna jambo moja ambalo sikumwambia Mama Furaha wala mke wangu. Alhamisi, nilipofinya kitufe na gari likanyamaza, kabla ya hasira na kabla ya aibu, kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi.

Nilimwambia Mwajuma peke yake, Jumatatu asubuhi, tukiwa tumesimama ufukweni na mizigo yake, mumewe akiwa ameshaingia kwenye boti. Nilidhani atalia au atakasirika. Akanitengeneza ukosi wa shati, akaona sindano, akaiacha palepale.

"Na sasa hivi, baba," akaniuliza, "hii mashine ya boti ikikataa, utafurahi?"

"Sana," nikamwambia.

Akacheka, akanikumbatia, akapanda. Mashine iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Haruna mwenyewe ndiye aliyevuta kamba.